Mlango wa Buluu wa Mama

Ijumaa, 3 Oktoba. Majimbo, Embu

Mutwiri amepiga simu mara nne leo. Kaka yangu akiwa mbali huwa jasiri sana. Ameniamuru nikamtoe Mama kijijini upesi, kabla mvua haijaanza, na nisirudi bila yeye. Nikamuuliza mbona asiende mwenyewe, si yeye ndiye kifungua mimba? Ghafla mtandao ukawa mbaya. Mtandao gani! Nilikuwa namsikia hadi anavyomeza mate.

Kisulisuli kilipita kwetu Jumanne jioni. Redioni wamekiita kimbunga. Dakika tatu tu, basi. Paa la nyumba ya Mama limekwenda lote, na mlango wa mbele nao ukalifuata. Mama mwenyewe alikuwa chooni, na hiyo ndiyo iliyomwokoa. Ameniambia kwa simu kwamba alijifungia humo akaimba nyimbo tatu za kanisa, na ya tatu maneno yalipompotea akaimalizia kwa mluzi. Nikacheka. Halafu nikakaa kitandani nikalia kama mtoto.

Kifua chake ndicho kinanitisha. Mwaka jana alilazwa wiki mbili kwa nimonia. Daktari alisema mara ya pili hatatoka. Na hapa tulipo ni Oktoba. Mvua iko njiani.

Nimenunua kitanda cha pili. Kimeingia chumbani, ila sasa mlango wa kabati haufunguki. Mama alinitembelea hapa mara moja tu, siku tatu, ghorofa ya tatu. Siku ya kwanza aliuliza watu wa huku huzikwa wapi. Siku ya pili akakataa choo cha ndani — ati mtu aliyelelewa vizuri hawezi kujisaidia karibu na sufuria. Siku ya tatu alikuwa amefunga mzigo kabla sijaamka.

Mwalimu Njuki ananidai majoho arobaini ya watoto wa nasari niliyoahidi kumshonea. Simu yake sikushika. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 4 Oktoba. Nyumbani

Nimepita kwetu bila kujua ni kwetu!

Nilipanda pikipiki pale Kianjai. Njia yote nilikuwa nikitafuta ile mistari miwili ya miti ya mikima aliyoipanda Baba, maana ndiyo alama ya lango letu tangu nizaliwe. Mikima haipo. Imelala yote, mizizi juu. Nikashukia kwa Gatakaa, jirani, nikaanza kumwuliza kwetu ni wapi. Kwetu! Miaka arobaini na sita!

Mama alikuwa ameniona. Ati alisimama shambani akanitazama nikipita, akasema moyoni ngoja aone nitafika wapi. Alicheka mpaka akakohoa. Na alikohoa muda mrefu.

Kuta za nyumba zimesimama. Juu ni mbingu. Ndani, kalenda ya mwaka jana bado inaning'inia ukutani, haijachanika hata kidogo. Jiko la nje limebaki na nusu ya paa, nusu nyingine ni turubai la msaada. Humo ndimo tunalala. Choo hakina paa lakini mlango wake uko, na komeo lake. Ndio mlango pekee uliobaki kwenye boma zima.

Miraa haikuguswa. Mzee Mbaka wa kanisani anasema hata upepo wa Tigania unajua kilichosomesha watoto. Kuku mmoja wa Mama amenyonyolewa manyoya yote ya mgongo na bado anatembea kwa maringo.

Ng'ambo ya mto hakuna wa kucheka. Kiunga amefiwa na mkewe. Ukuta ulimwangukia akitoa mbuzi nje. Kiunga tulikuwa darasa moja, yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea. Nilimshika mkono tu. Aliniuliza kama nimekunywa chai.

(Naandika Kiswahili kwa makusudi. Mama husoma chochote anachokikuta kimelala, lakini husoma Kimeru. Kiswahili anakiongea sokoni tu. Kukisoma anasema kunamchosha macho.)

Jumapili, 5 Oktoba

Ibada nje, chini ya jua. Paa la kanisa letu liling'olewa, la wenzetu wa barabara ya pili likabaki. Mhubiri amezunguka hilo jambo kwa dakika arobaini bila kuligusa. Hao wenzetu leo wameimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Tuliwasikia!

Chai kwa Gatakaa baada ya ibada. Gatakaa na Mama ni kiko na tumbaku. Ana meza mpya, ndefu, yenye kitambaa cheupe kilichofumwa. Nikaisifu. Mama na Gatakaa wakatazama vikombe vyao.

Nikasema neno langu hapohapo mbele ya shahidi. Nimekuja kumchukua Mama, chumba kipo, kitanda kipo, kifua chake sote tunakijua. Nilijiandaa kwa vita. Hakukuwa na vita. Mama akasema sawa.

Sawa!

Kisha akanywa chai kidogo, akaongeza: "Lakini kwanza mlango wangu upatikane. Nyumba bila mlango mtu haiagi. Hiyo ni mila."

Sijawahi kusikia mila hiyo. Nyingine nadhani Mama huzipika pamoja na githeri. Lakini Gatakaa alikuwa akiitikia kwa kichwa kama askofu: ni mila, ni mila kabisa, hata bibi yake aliishika. Haya basi. Mlango ni mlango. Mrefu, mzito, wa mti wa mringa, buluu ya angani. Baba aliuchonga mwenyewe mwaka niliozaliwa na kuupaka rangi upya kila Krismasi mpaka alipofariki. Kitu kama hicho kitajificha wapi? Nimempigia Mutwiri, nikamwambia Jumanne tuko Embu. Akanipongeza kana kwamba yeye ndiye aliyefanya kazi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Kila kilichookotwa kinapelekwa uwanja wa kanisa na kulazwa chini, wenyewe waje watambue. Mzee Mbaka ndiye msimamizi. Ana daftari na kofia ya mvua. Leo kulikuwa na sufuria kumi na tisa, ubao wa shule, kiatu cha kushoto, joho la kwaya na picha ya harusi ya watu ambao hakuna anayewajua. Wazee wamegombania mabati tangu asubuhi. Hapa mtu anayajua mabati yake kwa matundu ya misumari kama anavyojua meno ya mkewe. Wanayainua juani, wanahesabu matundu, wanabishana, wanakumbushana nani alipigilia paa la nani mwaka gani.

Mlango wetu haupo.

Mzee Mbaka aliuona kwa macho yake. "Hii mlango ilipita hapa ikiwa imesimama wima, mwanangu. Kama mtu anaenda soko ya Mikinduri." Akanionyesha mashariki. Nimetembea mashariki mpaka miguu ikanikana. Huko nikampata jirani yetu Makandi akipura maharagwe, naye akaapa uliruka upande wa magharibi, tena chini-chini, ukageuka pale kwa mti wa parachichi. Nikarudi magharibi. Huko Kinya, jirani mwingine, akaniambia uko mtoni. Alipokuwa akisema aliuma leso yake.

Mtoni kuna matope na vyura.

Nimerudi jioni. Mama ameniwekea maji ya moto ya miguu na kunipa pole nyingi mno. Mama yangu si mtu wa pole nyingi.

Jumanne, 7 Oktoba

Mlango. Mlango. Mlango. Leo nimeambiwa uko Kianjai, umeonekana ukiuzwa. Nimefika Kianjai. Muuzaji ana milango miwili ya chuma na kitanda. Akaniuliza kama mimi ndiye yule mwanamke anayetafuta mlango wa buluu. Kumbe nina sifa mpaka huko!

Mawingu yamejikusanya kileleni mwa Nyambene. Usiku wa kuamkia leo Mama amekohoa kwa vipindi vitatu. Alijifunika shuka kichwani ili nisisikie. Nilisikia.

Nimemwambia asubuhi: Mama, twende tu, mlango utatufuata. Akasema mlango haujui njia ya Embu. Akaenda kupalilia mboga ambazo hazipo. Upepo umezichukua zote, imebaki mistari ya udongo, naye anaipalilia. Nilimtazama kwa muda mrefu. Kaburi la Baba liko mwisho wa mistari hiyo. Akifika pale hulipitisha jembe pembeni, taratibu, anaondoa majani yaliyoanguka, anarudi upande wa pili. Nilitaka kumwita. Sikumwita.

Mwalimu Njuki ameandika ujumbe kwa herufi kubwa.

Jumatano, 8 Oktoba

NIMEUPATA!

Ngoja niandike kwa utaratibu, maana sijui kama nimekasirika au nacheka.

Saa nne, chai kwa Gatakaa. Mama alikuwa kwa mazishi ya mke wa Kiunga, akisaidia kupika. Mimi nilikuwa nimetoka kuchota maji ya huko. Gatakaa akaingia ndani kuchukua sukari. Nikamwaga chai. Nikainua kitambaa cheupe nipanguse. Buluu ya angani.

Nikakiinua zaidi. Alama za Baba za kupima urefu wetu, kila Krismasi, Mutwiri kushoto na mimi kulia. Na chini yake, kwa msumari, yale maneno ya Mutwiri ya mwaka wa themanini na tisa: KARIMI MWIZI WA SUKARI. Alichapwa kwa ajili yake. Lakini Baba hakuyafuta kamwe, hata akipaka upya aliyaruka — ati kupaka rangi juu ya ukweli ni dhambi.

Siku nne nimekula chakula juu ya mlango nilioutafuta mpaka Kianjai! Nimeusifu! Nimeuliza umenunuliwa wapi!

Kwa hiyo wote wanajua. Mzee Mbaka, mzee wa kanisa, na "kama mtu anaenda soko"! Makandi! Kinya na leso yake! Kijiji kizima kimepoteza mapaa, kina matanga, na bado kimepata nguvu ya kunizungusha kama pia.

Nikarudisha kitambaa. Nikakinyoosha. Gatakaa aliporudi na sukari nikamwambia meza hii inakaa imara sana, si kama zile za siku hizi. Akasema ee, ni mti mzuri.

Sitasema. Sisemi ng'o. Mama amenichezea, nami nitacheza. Mwana wa nyoka ni nyoka.

Tulimzika mke wa Kiunga saa nane. Kiunga alirusha udongo, kisha akabaki amenyoosha mkono wazi, kama mtu aliyesahau alikuja kufanya nini. Jioni nzima sikuwa na hamu ya kumkasirikia mtu yeyote. Kesho nitakuwa nayo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepata dawa yake. Dawa inaitwa Salesio.

Salesio anaishi huko chini karibu na Kianjai. Ukoo wake na ukoo wetu ni gichiaro: walikula kiapo cha undugu zamani za mababu, na kiapo hakijafa. Gichiaro akikuomba kitu, humnyimi. Akikuuliza jambo, humdanganyi. Ukimdanganya, laana. Mama, aliyeolewa katika ukoo wetu miaka hamsini, aliwahi kumpa gichiaro mbuzi mwenye mimba bila hata kukunja uso, akalia baadaye jikoni.

Mimi ni Mkristo, nimeishi mjini, mambo ya laana siyaogopi. Lakini Mama anayaogopa. Hilo linatosha.

Nimemkuta Mzee Salesio akianika mahindi. Miaka sabini na tisa, meno matatu, akili zote. "Muga, mwana wetu!" alinisalimu. Nikamweleza. Aje kesho, aulize swali moja tu: mlango uko wapi? Halafu aombe: Mama Mutwiri, nenda na binti yako Embu. Basi. Alicheka mpaka akashika mti. Akasema atakuja, maana sisi nasi akituomba hatumnyimi, naye tukimwomba hatunyimi.

Kisha akatazama sweta yangu. Ile ya zambarau, ya vifungo vya dhahabu, niliyojishonea Pasaka. Akasema asubuhi huku kuna baridi.

Nilihisi ikija. Nikasema ee, kuna baridi kweli.

"Hiyo sweta ni nzuri sana, mwana wetu. Naiomba."

Nimerudi nyumbani na blauzi. Siogopi laana, nimesema. Ni adabu tu.

Mama ameuliza sweta iko wapi. Nikasema nimeisahau kwa Makandi. Akanitazama kama anayehesabu matundu ya misumari.

Ijumaa, 10 Oktoba

Naandika chooni.

Nimeingia na daftari hili ndani ya leso, nimeweka komeo, juu yangu ni mawingu meusi kabisa. Nje wako watu watano na gichiaro, wote wananingoja mimi. Niandike haraka.

Mzee Salesio alifika saa tano ndani ya sweta ya zambarau, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Mama akaiona ile sweta kabla hajamwona mwenye kuvaa. Akanigeukia.  Alielewa kila kitu hapohapo, naapa!

Akapewa kiti chenye mgongo. Yule kuku asiye na manyoya alichinjwa, kazi ikiwa imefanywa nusu na upepo. Majirani wakajileta, Gatakaa mbele. Mzee Mbaka alisema anapita tu, akakaa. Makandi na Kinya walikuja kuomba chumvi, wote wawili, chumvi moja.

Salesio alikula polepole na meno yake matatu. Akapangusa mikono. Akasema anataka kuuliza jambo. Hata Mzee Mbaka akavua kofia.

"Mama Mutwiri. Ile mlango yako iko wapi?"

Mama alinitazama. Kisha akakunja mikono. "Iko kwa Gatakaa. Huyu msichana amekula juu yake tangu Jumapili."

Gatakaa aliketi chini mahali pasipo kiti. Kinya akatapika kile kicheko alichokuwa amekiuma tangu Jumatatu, na hapo wote wakaangua, Mama mwenyewe akipiga paja, nami nikacheka. Nilikuwa nimeshinda! Salesio akainua mkono, akatoa ombi lake. Mama aende Embu na binti yake, kifua kisije kikamwua chini ya turubai.

Kicheko kikaisha.

Mama akaigeukia nyumba. Akatazama kuta, akatazama mistari ya udongo mpaka mwisho wake. Nilitaka arushe mila nyingine. Niliomba kabisa, Mungu mpe hata moja. Lakini alisema, kwa sauti ndogo ambayo sijaizoea: "Gichiaro akiomba, simnyimi. Nitaenda. Nitafunga mzigo leo."

Sikufurahi. Nilingoja nifurahi, na haikuja.

Halafu akainua kidole. Huyo ndiye Mama! Akasema gichiaro hadanganywi na mtu yeyote wa nyumba hii, si yeye peke yake. "Sasa muulize na huyu. Muulize yeye mwenyewe, si ndugu yake wa simu. Anataka niende?"

Na yule mzee, ndani ya sweta yangu, akageuka. "Mwana wetu. Unataka mama yako aende?"

Nikasema naenda chooni.

Naogopa kumzika kabla ya Krismasi. Hilo ni kweli. Na tangu Jumamosi nilipopita lango letu bila kulijua, naogopa kitu kingine: kwamba akiondoka yeye, nitakuwa nikipita hapa hivyo siku zote. Nikisema ndiyo, atakaa ghorofa ya tatu akihesabu siku, na nitakuwa nimemdanganya gichiaro. Nikisema hapana, mvua ni hii imefika, na Mutwiri hatanisamehe, na kile kikohozi kitakuwa changu. Jibu ninalo. Sijui tu kama kifua chake kinalijua.

Na mimi si mwoga wa laana! Mbona basi nimeweka komeo?

Tone. Jingine. Karatasi inalowa.

Nasikia Mzee Mbaka akisema labda tumbo limemshika, ni yule kuku. Gatakaa anasema nimepotea, waende wakanitafute upande wa mashariki. Wanacheka. Sasa hatua zinakuja, najua za nani, zinasimama kwa kikohozi kimoja kisha zinaendelea. Amefika. Hagongi. Anawaambia wale wengine, kwa sauti kubwa ili nisikie:

"Mwacheni. Mimi pia nilijifungia humo humo, na upepo ukapita."

Kisha, chini-chini, karibu na mbao: "Lakini mimi nilitoka, Karimi."

Nimeshika komeo.